Fundi Aliyekatwa Jina Mihrabuni

Anayewajibika ni mkurugenzi wa jumba dogo la makumbusho hapa Brussels. Nalitamka hilo mwanzo ili lawama isije ikabebeshwa majini. Nitakayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu, na katika utumishi wangu wote sikupata kuthibitisha jambo nisilolijua.

Nilistaafu serikalini Zanzibar, nikaja kukaa kwa binti yangu, mtaa wa Schaerbeek hapa mjini. Ilikuwa miaka ya tisini. Kwa kuwa herufi za Kiarabu nilizisoma chuoni utotoni, jumba lile liliniomba niwasomee maandishi ya mihrabu iliyotolewa katika msikiti wa kale wa Uajemi. Niamini, sijaona kazi kama ile: vigae vya rangi ya feruzi vimechongwa vidogo vidogo na kuunganishwa hata maua yakatambaa bila mshono, na aya nyeupe zikauzunguka upinde. Chini kabisa, katika ukanda mwembamba, fundi alikuwa ameandika jina lake.

Mihrabu ikazidi kimo cha ukuta. Mkurugenzi akaamuru ukanda ule ukatwe, utupwe ghalani. Nilipinga. Akanijibu, "Nani atainama kusoma jina la fundi?"

Jioni moja ya baridi, wageni wamekwisha kutoka, nilikuwa ukumbini na mlinzi wake, Maman Feza, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Tukamwona mtu amepiga magoti mbele ya mihrabu, mikono imejaa chokaa mbichi hadi viwikoni. Aliingia wapi, na mlango tumeusimamia sisi? Alikuwa akipapasa pale palipokatwa.

"Jina langu liko wapi?" akauliza. Mimi nilimsikia kwa Kiunguja. Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba alisikia Kiswahili cha kwao.

Maman Feza akacheka. "Eh, papa, tunafunga! Jina yako imepotea? Bon, kamata ya kwangu, Feza, alors uende kulala."

Yule mtu akainama, akakinga viganja viwili kama apokeaye kitu. Kisha hakuwapo. Sakafuni palibaki chokaa, ingali na maji.

"Maman Feza, twende," nikasema. Hakugeuka. Nikaita tena.

"Tonton, unaita nani?" akaniuliza.

Nikatazama chini ya mihrabu. Pale palipokatwa palikuwa na kigae kipya, na herufi nyeupe nikazisoma mwenyewe: *Kazi ya Feza*.

Wamekisugua kwa kila dawa, hakitoki. Mkurugenzi anasema ni uhuni wangu. Na yule mama? Wanawe humwita jina lake, naye huangaza macho mlangoni kumtafuta anayeitwa. Ukimtamkia alirudie, midomo hufunguka pasitoke sauti. Nawe usomaye, usimkabidhi mtu usiyemjua jina lako, hata kwa mzaha.

Kwa hiyo namtaka mkurugenzi autoe ukanda ule ghalani, aurudishe mahali pake mbele ya mama huyu na wanawe, na atamke hadharani kwamba ni yeye aliyeamuru ukatwe.