Ampuli ya Bilonda

Katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi, miaka ile kabla ya uhuru, hakuna aliyekubali sindano bila kuisikia kwanza. Ukishalala kifudifudi, uso umeuelekeza ukutani, muuguzi Nkulu alikuletea ampuli karibu na sikio. Ni kile kichupa chembamba cha kioo kisicho na kifuniko, kimezibwa juu na chini. Alikikwaruza shingo kwa tupa ndogo, kisha akakivunja: tak. Hapo ulijua dawa ni mpya, haijaguswa na mtu. Muuguzi aliyevunjia ampuli yake pembeni aliambiwa waziwazi kwamba anadunga watu maji.

Mke wa Nkulu, Bilonda, hakuweza kuisikia hiyo tak. Mwaka wa pili wa ndoa yao malaria ilimpanda kichwani, na mumewe mwenyewe ndiye aliyemdunga kinini. Alipona, lakini masikio hayakurudi. Watu wa kambi, ambao midomo yao haikuwa na likizo, wakamshauri Nkulu amrudishe kwa wazazi wake, atafute mwingine. Mimi nilikuwa jirani yao, ukuta mmoja, na niliwachukia kwa maneno yale. Nkulu aliwajibu salamu tu. Jioni alikaa na mkewe mlangoni wakichambua sombe, yale majani ya mhogo, akimzungumzia polepole ili amsome midomo.

Kisha, wakati wa baridi, Bilonda akashikwa na kichomi. Usiku kucha nilimsikia akikohoa, na asubuhi nikawapelekea uji. Nilimkuta Nkulu ameleta ampuli, na mkewe amevuta blanketi hadi kidevuni.

"Tata Nkulu, mi sitaki," alisema. "Ile ya kwanza ilikamata masikio. Hii itakamata nini? Macho?"

Nkulu akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika miguu. Kifua cha mkewe kilikuwa kinakoroma, na sote wawili tulijua kwamba bila dawa ile hatafika mbali. Nilidhani atanipa ishara tumshike kwa nguvu. Badala yake akaikwaruza ampuli shingoni, akaiweka ingali nzima kwenye kiganja cha Bilonda, akamgeuzia uso.

"Mama, haiyafunguka," akasema. "Weye mwenyewe ndiye utaivunja. Kama hautaki, itabakia vile."

Bilonda aliigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Mimi uji ukanipoa mkononi. Mwishowe akaizungushia shingo pindo la kitenge, kama alivyomwona mumewe akifanya, akaivunja. Akashtuka. Alikuwa ameisikia kwa vidole. Akacheka katikati ya kikohozi, akamrudishia, akageukia ukuta.

Akapona. Baada ya hapo wanawake wa kambi nao wakadai kuvunja wenyewe, na dawa iliyomwagika sakafuni Mungu ndiye anayejua.

Miaka michache baadaye kichomi kikamlaza Nkulu. Muuguzi mwenzake, Tharcisse, alikuja nyumbani, akaikwaruza ampuli na kumpelekea sikioni. Bilonda akaichukua taratibu, akaiweka kwenye vidole vya mumewe, akavifunika kwa vyake.

Nkulu alikuwa anasikia vizuri kabisa. Hata hivyo aliviacha vidole vyake chini ya vya mkewe, wakaivunja pamoja.