Nyumba Iliyochelewesha Chakula

Mwaka 1951, nikiwa na miaka kumi na mmoja, mama yangu alifariki, na dhiki yangu ilianza asubuhi baada ya matanga kwa harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Asiyewahi kuisikia harufu hiyo jikoni kwao hawezi kunielewa, na mimi simlazimishi. Ni harufu kali, ya uchungu, inakwama puani kama kikohozi. Aliyemwaga maji ni Mama Shija, mke mkubwa wa baba. Aliingia jikoni kwa marehemu mama bila hodi, akamimina kibuyu kizima juu ya mafiga, akatuangalia mimi na wadogo zangu wawili tuliokuwa bado tumelala pembeni, akasema, "Hapa pamekwisha. Mtagawanywa." Akatoka akipangusa mikono kwa kitambaa chake, kama mtu aliyemaliza kazi njema. Nimeishi miaka mingi, nimekutana na wezi na walevi wa migodini, lakini sijaona tena mtu aliyefurahia kuzima moto kiasi kile.

Mji wetu ulikuwa Samuye, na ulikuwa mkubwa. Baba alikuwa na wake watatu na watoto kumi na wanane, na kila mke alikuwa na nyumba yake, jiko lake, kihenge chake cha nafaka na chungu chake. Wanaume na wavulana wakubwa walikula jioni shikome, yaani pale penye moto wao nje karibu na zizi, na kila nyumba ilipeleka chombo chake pale. Nyumba iliyopeleka chombo ilihesabiwa kuwa nyumba. Isiyopeleka ilifungwa, na watoto wake wakagawiwa kwa wake wengine, wakawa wa kutumwa maji na kulala mlangoni. Mimi sikutaka kulala mlangoni kwa mtu. Siku ile ile nikaenda kuomba kaa la moto kwa Mama Kulwa, mke mdogo. Alinipa na kusema, "Chukua, ng'wanone, mwanangu, ukamchome huyo mkubwa roho." Sikumshukuru sana. Hakunipa kwa kunihurumia, alinipa kwa sababu yeye na Mama Shija walikuwa wanachukiana. Jioni nikapeleka ugali wa mtama shikome. Baba akamega tonge, akalitafuna taratibu, akasema una madonge. Kisha akatoa hukumu mbele ya wanaume wote: "Nitakuangalia mpaka pamba iuzwe. Ukikosa zamu moja tu, nawagawa. Masanja ataenda kwa Mama Shija, Milembe kwa Mama Kulwa, na wewe kwa shangazi yako kule Geita akutafutie mume." Masanja alikuwa na miaka saba, Milembe mitano. Ndivyo baba alivyotupa pole ya msiba.

Zamu aliyoitaja ilikuwa zamu ya kumlisha mwalimu, na hapo lazima nieleze, maana watu wa sasa wakisikia mtoto alisomea nyumbani wanadhani ni jambo la kitajiri. Baba hakutaka kupeleka watoto shule. Shule ilikuwa mbali, na yeye alikuwa na ng'ombe wa kuchungwa na pamba ya kupaliliwa. Lakini alikuwa amechoka kuwa mtu mzima wa kuwaulizauliza vijana karatasi ya baraza inasema nini. Akaamua shule ije nyumbani, tena bila ada. Mdogo wake, baba mdogo Luhende, alikuwa amerudi kutoka kwenye migodi ya dhahabu ya Geita, alikokuwa akihesabu magunia ghalani. Hatukuambiwa kwa nini alirudi. Alirudi na kaptula mbili, kofia ngumu ya jua na tumbo. Kusoma alijua, hilo simnyimi. Kilichompungukia ni kuona haya. Baba akaweka utaratibu: kila nyumba itamlisha Luhende mchana kwa zamu, na siku ya zamu yake nyumba hiyo ndiyo watoto wake wanafundishwa. Luhende angekuja saa nne, akae kivulini mwa nyumba, watoto wamkalie mbele na ungo uliotandazwa majivu. Aliandika kwa kidole kwenye majivu, na ukishasoma anautikisa ungo, herufi zinapotea, anaandika nyingine. Chakula kikitoka, somo limeisha.

Sasa tazama akili za watu wazima. Mama Shija alikuwa mpishi hodari na alijua hivyo, akajivuna kwa hilo mpaka shingo ikamkaa upande. Kumsubirisha mgeni kwake ilikuwa aibu kuliko kutembea uchi. Siku ya zamu yake aliamka alfajiri, akasaga mtama kwenye jiwe, akachinja kuku, akachemsha mlenda, akaweka samli, na Luhende alipofika saa nne, watoto wa nyumba ile walikuwa bado hawajamaliza "a" na "e", chakula kikawa kimetua. Mwalimu akala, akafungua mkanda, akalala hadi ng'ombe waliporudi. Mama Kulwa naye hakutaka kushindwa. Yeye alitoa maziwa ya mgando na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na akayatoa mapema zaidi. Wanawake wawili wazima wakashindana miezi mitano kuua masomo ya watoto wao kwa samli na maziwa, na kila mmoja alipita kisimani kichwa juu akidhani ameshinda.

Zamu yangu ya kwanza ilinikuta sina unga. Nilikuwa nimeumalizia kwenye chombo cha shikome, na mikono yangu haikuwa na nguvu ya kusaga kwa haraka. Kwenye kihenge cha mama kulikuwa na njugu mawe kavu, na mimi kwa ujinga wangu sikujua kwamba njugu mawe hulowekwa tangu jana. Nikazitia chunguni hivyo hivyo, ngumu kama kokoto, nikawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe, maana kuni kwetu zilikuwa taabu, na moto wa kinyesi unafuka kuliko unavyowaka. Luhende akafika. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku pua yake inatafuta jikoni.

"Kabula, unapika nini?"

"Njugu mawe, baba mdogo."

"Umezibandika lini?"

"Sasa hivi."

Akavua kofia kama mtu aliyeambiwa kuna msiba kwao. Kwenda kula nyumba nyingine siku ya zamu yangu hakuweza, angekuwa amemtukana kaka yake aliyepanga zamu. Kuingia jikoni kufunua chungu hakuweza pia, mwanamume anayechungulia chungu angechekwa kuanzia Samuye hadi Shinyanga mjini. Kulala hakuweza, njaa haikumruhusu. Akabaki na kitu kimoja tu cha kufanya, akafundisha. Alifundisha kwa hasira. Akamaliza a, e, i, o, u, akaingia ba, be, bi, akamchapa Masanja kofi la kisogoni, akarudia, akaendelea. Kila baada ya muda sauti yake ilikuja jikoni.

"Kabula, bado?"

"Bado, baba mdogo."

"Masanja, soma tena, tena kwa sauti."

Mama Shija akapita na mtungi wa maji kichwani, akasimama makusudi. "Shemeji, umealikwa kula au umeajiriwa kulinda chungu?"

"Niache, shemeji. Nimeshafika da, de, di."

Chakula kilitoka saa tisa. Njugu zililia menoni kama changarawe, na alizila zote.

Mimi sikuwa mjinga mara mbili. Usiku wa kuamkia zamu iliyofuata Mama Kulwa alinifundisha namna ya kuloweka, nikaitikia vizuri, na sikuloweka. Nikachagua kinyesi chenye unyevu kidogo. Ilinibidi nipime sana, kwa sababu nikichelewa kupita kiasi angesema nimekosa zamu, na hapo tungegawanywa. Nikawa natazama kivuli cha paa: kikifika kwenye jiwe la kusagia, naongeza moto, natia chumvi na karanga zilizopondwa, napakua. Hakuna siku aliyoondoka bila kula. Na mle jikoni nami nilikuwa nasoma. Kila alichokitamka nje nilikiandika ukutani kwa mkaa, nikafuta kwa kiganja, nikaandika tena, moshi ukinitoa machozi na kamasi. Masanja akikwama nilimtupia jibu kupitia nyufa za ukuta. Luhende alisikia, akaendelea tu na somo. Kufundisha msichana hakukuwa kwenye mapatano, lakini kunikemea kungechelewesha chungu.

Pamba ilipoanza kuvunwa, Mama Shija na Luhende wakaenda pamoja kwa baba. Ilikuwa jioni, shikome imejaa, mimi nimesimama nyuma kidogo nasubiri chombo changu, maana sisi wanawake hatukukaa pale. Luhende alilalamika kwamba nyumba ya Kabula inamtesa kwa njaa na kwamba amekonda. Tumbo lake lilikuwa limemtangulia hatua nzima alipokuwa akiyasema hayo.

Baba akamuuliza, "Chakula kilikosekana?"

"Hakikukosekana, kaka. Kilichelewa."

"Siku ngapi?"

"Siku zote."

Wanaume wakacheka. Mama Shija akasema kutoka pale alipokuwa amesimama, "Baba Shija, watoto hawawezi kuwa na nyumba. Ifungwe yaishe." Nilishika nguzo ya zizi. Milembe alikuwa amelala mgongoni kwangu, na nakumbuka niliwaza nani atambeba nikipelekwa Geita.

Baba akachomoa kwenye nguo yake karatasi iliyokunjwa mara nyingi, aliyoipata kule kwenye ghala la kununulia pamba. "Kabla sijafunga nyumba," akasema, "nataka nione nimelisha nini." Akampa Shija, kijana wa miaka kumi na mitano, ndevu karibu zimtoke. Shija akaitazama, akasema "a," akasema "e," akaishia hapo kwa sababu hapo ndipo kuku wa mama yake alipokuwa anatua. Akawapa Kulwa na Doto, mapacha wa mke mdogo. Wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake. Karatasi ikafika kwa Masanja. Aliiweka karibu na moto, akaanza kuyakata maneno kama anavyokata ukamba: "Pa-mba cha-fu ha-i-ta-po-ke-le-wa." Akarudia mara ya pili bila kukata.

Baba akamgeukia mdogo wake. "Luhende, miezi mitano umekula kuku wa Mama Shija. Mbona kuku hawakusoma?" Luhende akainamia kofia yake. Baba akauliza tena, "Kesho zamu ya nani?"

"Ya Kabula."

"Basi nenda ukasubiri."

Kisha baba akachukua chombo changu kitupu akanirudishia mwenyewe mkononi. Hakunisifu, hakuniangalia hata usoni. Lakini kwetu chombo kinarudi kwenye nyumba kilikotoka, na wote waliokuwa pale waliona kinakwenda kwa nani.

Watu wakisikia habari hii hupenda niimalizie kwa shukrani. Sina. Mwaka uliofuata Masanja alipelekwa shule ya kweli, kwa sababu alikuwa mvulana na kwa sababu baba sasa alikuwa na ushahidi. Mimi niliyemfundisha kupitia nyufa nikaambiwa nibaki kupika, na masomo yangu yote duniani ni msimu ule mmoja wa moshi. Masanja alikuja kuwa karani, akavaa tai, akaanza kunisahihisha Kiswahili changu mbele ya wageni. Mama Shija alizeeka akiomba wajukuu wamsomee dozi kwenye pakiti ya dawa. Luhende alihamia kwa ndugu mwingine aliyepika mapema. Mimi niliitunza nyumba ya mama hadi Milembe alipoolewa, kisha nikaolewa, nikaachika, nikaenda zangu Runzewe kupikia wachimbaji. Huko hakuna aliyeniuliza nimesoma wapi. Waliuliza kama maharage yameiva.

Leo wajukuu zangu wana mwalimu anayewafuata nyumbani kwa pikipiki, wana majiko ya gesi, wana simu ya kuwaonyesha namna ya kukaanga yai. Mmoja amesoma miaka kumi na sita. Nilimpa mkataba wa pango anisomee, akanung'unika kwamba ni mrefu, atauangalia baadaye. Niliusoma mwenyewe, silabi kwa silabi, nikakuta kipengele alichotaka kunipitishia mpangaji, nikakikata kwa kalamu. Wananiuliza siri ya maisha ili waiweke kwenye simu zao. Wanataka neno moja tamu, na sina neno tamu. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja niliyezungukwa na watu wazima wavivu, wenye wivu na wenye njaa, nikawatumia walivyo.

Nilivyo navyo ni hivi. Nyumba ya vyumba saba Kambarage, Shinyanga mjini, hati ina jina langu peke yangu. Fremu nne za maduka Runzewe. Mashine mbili za kusaga, moja ya umeme na moja ya dizeli. Kisima cha pampu. Ng'ombe arobaini na mmoja. Lori moja dogo, bovu kwa sasa. Na mji wa baba kule Samuye, ambao watoto wa Mama Shija waliniuzia baada ya kushindwa kuuendesha: zizi, kiwanja, na nyumba zote tatu.