Siku Tuliyokatazwa Kugusa Udongo

Namsifu Mungu Baba aliyenilinda hadi kichwa changu kikawa cheupe chote, akanipa kuona kosa langu nikiwa bado napumua. Angeweza kuniita mapema, nikaenda mbele zake nikidhani nimemtumikia vizuri. Kwa huruma yake aliniacha kwanza nijue. Sifa ni zake, na haya nayaandika mbele yake.

Nilikuwa katekista hapa Sumbawanga kwa miaka mingi. Mtaa wetu wa Kizwite ulikuwa na jumuiya moja: familia za jirani zilizokutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao kusali, kusoma Injili na kuangaliana katika shida. Kwetu jumuiya ndiyo mlango wa kanisa. Mtoto akitaka kubatizwa, vijana wakitaka kufunga ndoa, mtu akifa, parokia huuliza barua ya jumuiya. Bila barua hiyo mtu anaonekana kama mgeni, hata kama amekuwa akipokea Komunyo tangu utoto.

Familia ziliongezeka hadi wengine wakawa wanasali wamesimama uani. Paroko akaagiza jumuiya igawanywe, kazi ya kupanga mpaka akaniachia mimi. Asubuhi moja nilitembea na daftari langu, nikauona mtaro wa maji ya mvua unaokatiza mtaa, nikaandika: walio juu ya mtaro wabaki na jumuiya ya zamani, walio chini waanze mpya. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Niliona nimefanya jambo safi lisiloweza kugombaniwa na mtu.

Yaligombaniwa mengine. Turubai la misiba, masufuria makubwa, majembe na sururu za kuchimbia makaburi, pamoja na picha ya mtakatifu somo wetu, vyote vilikuwa katika nyumba za juu, na watu wa juu wakavishikilia. Mwenyekiti wao alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama aliyezoea kusema jambo mara moja tu. Watu wa chini walimchagua mwenye mashine ya kusaga, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Mwalimu huyo ndiye mama wa ubatizo wa binti wa mwenye mashine. Kabla ya mvua za mwaka huo kwisha walikuwa hawasalimiani. Jumapili watu wa juu walikaa upande wa kulia wa kanisa na watu wa chini upande wa kushoto, na wakati wa kupeana amani mikono ilikuwa haivuki njia ya katikati. Niliyaona hayo kutoka mbele. Nilijiambia yatakwisha yenyewe.

Katikati yao alikuwapo fundi seremala mmoja, mwenzangu wa rika, aliyehamia hapa kutoka Kaengesa akiwa kijana. Madawati ya kanisa letu aliyatengeneza yeye. Nyumba yake iliangukia chini ya mtaro kwa hatua chache. Alikataa kuhama. Alisema jumuiya ya juu ndiyo iliyomwozesha na kumzikia watoto wawili, kwa hiyo akaendelea kupanda kwenda kusali huko na mkewe. Baada ya miezi michache mwalimu alimwambia mbele za watu kwamba utaratibu ni utaratibu, ateremke kwa wenzake. Akateremka. Huko mwenye mashine akamwuliza kama amekuja kusali au amekuja kupeleleza, na watu wakacheka. Fundi alichukua kofia yake akaondoka.

Siku chache baadaye alinifuata ofisini.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, fundi. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kukuomba usogeze mtaro wako hatua sita, unipite mimi na mama watoto. Sita tu, nimezipima."

Nilicheka. Nilimwambia kwamba nikimsogezea yeye, kesho jirani yake naye atataka, na keshokutwa hakutakuwa na mpaka.

"Mwenzangu," akasema, "mimi nikikata ubao vibaya huwa nakata mwingine. Wewe umekata watu."

Nilimjibu kwa upole, nikamwambia avumilie na kumtolea Mungu. Neno hilo la uvumilivu nilikuwa nimelihubiri sana, likanitoka bila kunigharimu kitu. Alikuja misa kila Jumapili kwa zaidi ya mwaka mzima baada ya hapo, akikaa kwenye dawati la mwisho karibu na mlango, wala jumuiya zote mbili hazikumwona tena. Sikwenda kwake hata mara moja. Alipoanza kuumwa kifua nilisikia, nikapanga kwenda, nikawa na mafundisho ya kipaimara.

Alifariki nyumbani kwake asubuhi moja ya Februari, mvua ikinyesha. Mdogo wake alifika kutoka Kaengesa kabla ya saa sita mchana, mkulima mwenye viatu vya mpira vilivyojaa tope. Mke wa marehemu alikuwa na ombi moja tu, kwamba mumewe azikwe kesho yake na kanisa lake. Fundi mwenyewe alikuwa amelirudia hilo siku za mwisho, kila alipopata pumzi: wasiache nizikwe kama mtu asiye na kwao.

Mdogo wa marehemu alipanda kwa mwalimu kuomba barua na majembe. Mwalimu alimpa pole, akamwambia marehemu ni wa chini, barua itatoka huko, na majembe yatatolewa pindi huko watakapoandika kuyaomba. Aliteremka kwa mwenye mashine. Huyo naye alimpa pole, akamwambia hawezi kuandika kwamba anamfahamu Mkristo ambaye hakuwahi kusali nao hata wiki moja nzima. Jioni akaja kwangu. Paroko alikuwa kwenye semina ya mapadre, hapatikani hadi siku ya tatu. Ningeweza kusema neno moja pale pale: nitamzika mimi, barua tutazitafuta baadaye. Badala yake nilisema kesho saa mbili asubuhi wenyeviti wote wawili wakutane nami msibani, tuyamalize kwa utaratibu.

Tulikutana nyuma ya nyumba ya marehemu, chini ya upenu wa bati, mahindi ya shamba lake yakiwa yametuzunguka. Ndani, upande wa pili wa ukuta, mjane alikuwa amekaa sakafuni na wanawake. Kila neno lilimfikia. Nilijua hivyo, na nikaendelea.

Mwalimu alieleza kwa urefu taratibu za uongozi wa jumuiya. Mwenye mashine alimsikiliza akitabasamu, kisha akasema, "Mwalimu, sikukuu ya somo mlikula naye wali. Mzikeni basi."

"Ramani aliichora katekista. Mimi sikuichora."

"Lakini majembe unayo wewe. Unayalalia?"

"Andika barua, mzee. Mistari mitatu. Au mashine imekusaga na vidole?"

Wazee wa kanisa niliokwenda nao waliinamisha vichwa, mmoja akacheka bila kutaka. Nilinyoosha mkono kuwatuliza. Nikapendekeza barua iandikwe na jumuiya zote mbili, kila moja ikitaja muda ambao marehemu alikuwa kwake. Tukaanza kubishana ni tarehe ipi alipoacha kuwa wa juu. Nasema kweli mbele ya Mungu, tulibishana hilo zaidi ya saa moja, na maiti yuko ndani.

Ndipo mdogo wa marehemu alipokuja kutoka upande wa barabara. Alikuwa ameloa, mikono yake imejaa udongo mwekundu hadi kwenye viwiko. Alitutazama mmoja mmoja.

"Endeleeni na kikao, wazee wangu," akasema. "Kaburi limeshafika kiunoni."

Nilimwuliza ni nani wanaochimba. Akasema ni fundi pikipiki wa jirani, ambaye ni mlokole, na yule Mwislamu anayeuza samaki wa migebuka kutoka Kasanga, na vijana wao. Walikuja kutoa pole asubuhi, wakaona hakuna aliyeshika jembe, wakaenda nyumbani kuchukua ya kwao. Hawakuuliza marehemu alikuwa anasali wapi.

Mwenye mashine alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Nikasema nitaongoza mazishi mwenyewe, barua au bila barua. Niliyasema maneno yale kwa sauti kubwa kana kwamba ni ushujaa, na yalikuwa yamechelewa usiku mzima. Yangekuwa hayajachelewa, mwenzangu angechimbiwa na watu aliowatengenezea madawati.

Mazishi yalikuwa saa tisa. Jumuiya zote mbili zilikuja, habari ilikuwa imeshaenea na hakuna aliyetaka kukosekana. Mvua ilikuwa imepungua lakini upepo wa huku kwetu unajulikana, ulikuwa unapenya makoti. Kaburi lilikuwa na maji chini, wakayachota kwa ndoo kabla ya kushusha sanduku. Nilimsogelea mjane kumwomba ruhusa ya kuanza ibada. Alikuwa ameshikwa mikono na binti yake aliyeolewa Matai. Hakuniinulia uso.

"Sala ni ya Mungu, shemeji," akasema. "Sali. Lakini watu wako wasiguse udongo."

Kwetu kaburi hufukiwa na jumuiya. Kila mtu hutupa konzi ya udongo, kisha wanaume hupokezana majembe na wanawake huimba mpaka kilima kiinuke. Hata mtu aliyekuwa na ugomvi na marehemu hutupa konzi yake, na ugomvi unahesabiwa umefukiwa humo. Mjane alitunyima hilo. Nilisoma ibada yote, nikanyunyiza maji ya baraka, nikarudi nyuma. Fundi pikipiki na muuza migebuka na mdogo wa marehemu walifukia watatu peke yao, na vijana wakiwapokea. Sisi zaidi ya mia tulisimama na mikono mitupu. Mama mmoja wa kwaya alijaribu kuanzisha wimbo. Hakuna aliyeitikia, akaacha katikati. Nilisikia tu udongo mzito uliolowa ukianguka juu ya ubao, halafu ukianguka juu ya udongo mwenzake.

Paroko aliporudi alituita watatu. Hakutugombeza. Alitukalisha kanisani, akatutaka kila mmoja aseme alichofanya yeye, bila kumtaja mwenzake. Nilidhani ni jambo jepesi. Nilishindwa mara mbili, kila nikianza nilijikuta nasema "kwa sababu mwalimu" au "kwa sababu mzee huyu". Mwenye mashine ndiye aliyefanikiwa kwanza. Alisema, "Nilimfanya mtu achekwe na watu." Mwalimu alilia, akasema alikuwa na majembe ndani na akalala usingizi. Mimi nilisema fundi aliniomba hatua sita nikamcheka.

Tangu siku ile paroko aliamuru kwamba mtu akifa, kaburi lichimbwe kwanza, maswali yafuate. Jumuiya zimebaki mbili lakini majembe, masufuria na turubai vimewekwa kanisani kwa wote, na picha ya somo inakaa mwezi huku na mwezi kule. Mwalimu na mwenye mashine wamerudi kusalimiana, kwanza kwa shida, sasa kama zamani. Mikono inavuka njia ya katikati. Mimi niliomba kupumzishwa ukatekista, nikakubaliwa.

Kwa hiyo mtu akiuliza kama ule mgogoro ulitatuliwa, jibu ni ndiyo. Lakini mjane alikuwa ameshaondoka. Baada ya matanga alifunga nyumba akaenda kwa binti yake Matai.

Tulimfuata sote watatu wakati wa mavuno ya ulezi. Alitupokea kwa heshima zote, akatupa maji ya kunawa, akatuandalia ugali wa ulezi na maharage. Hakutaka tuzungumze kabla ya kula. Tulipomaliza, mwenye mashine alipiga magoti sakafuni na mwalimu akafuata, ingawa magoti yake ni mabovu. Nami nikapiga magoti. Tulimwomba msamaha, tukamwomba arudi nyumbani kwake, tukamweleza jinsi tulivyopatana.

Alitusikiliza hadi mwisho.

"Inukeni, mtaumia," akasema. "Nimewasamehe kabla hamjaja. Nimelisema kwa padre wa hapa na nimelisema kwa Mungu. Mume wangu naye alikuwa mwepesi wa kusamehe kuliko mimi."

Mwalimu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama basi atarudi.

"Sirudi, mwalimu. Nikirudi mtasema yamekwisha."

Akainuka kukusanya vyombo. Kisha alitusindikiza hadi barabarani, akatupa mfuko wa ulezi kila mmoja, akatuombea safari njema. Garini mwenye mashine aliuliza tutawaambia nini watu, maana jumuiya zote mbili zilikuwa zinatusubiri na nyimbo. Mwalimu alisema tutawaambia ametusamehe na amekataa, yote mawili, na tusiliache hata moja. Tulifanya hivyo. Watu wakaenda nyumbani bila kuimba.

Namshukuru Mungu kwa umoja tulio nao sasa. Najua walioulipia, fundi na mkewe, na kila tukisali pamoja nawakumbuka wao kwanza.

Wewe unayesoma, Bwana akupe moyo wa kumwendea ndugu yako kabla hajaugua, na ulimi wa kusema neno moja la huruma wakati bado lina kazi. Akulinde na utaratibu usio na upendo. Na siku yako itakapofika, akuzungushie watu wako, wakufukie kwa mikono yao wenyewe huku wakiimba. Amina.