Birika la Mwenzake Bibi

Nimelisahau birika motoni hadi likakauka, na harufu ya mpira unaoungua, hapa Kilole, imenirudisha Handeni kwa bibi.

Asubuhi moja jirani yetu, mama wa Kihindi wa dukani, alihama. Kabla ya kupanda basi alimwachia bibi birika hili la kahawa, la vipande viwili, cha juu na cha chini, vinavyokazwa pamoja. Kila siku walikunywa kahawa pamoja barazani, lakini bibi hakuwahi kumwona akiipika.

Bibi alitia maji, kahawa na tangawizi juu, kama birika lolote, akaliinjika kwenye mkaa. Chini palikuwa pakavu. Mpira wa katikati ukaanza kuungua.

"Mwe! Nimeliua birika la mwenzangu!"

Tulipolifungua, tukakuta kichujio kina mabaki ya kahawa, bado yana unyevu.

"Bibi, mwenzako kahawa alitia hapa."

"Basi maji yanakaa chini."

Safari hii kahawa ikapanda ikikoroma, ingawa mvuke ulivuja ubavuni. Bibi akamimina vikombe viwili, kisha akatazama barabarani.

"Kunywa wewe, mjukuu wangu. Mwenzangu saa hizi yuko njiani, Mkata."