Gari la Ramniklal na Nazi ya Ba

Ramniklal alikuwa fundi wa pampu za maji. Siku sita kwa wiki alipanda basi la asubuhi kutoka Thika hadi Ruiru, mkoba wa spana magotini, akashuka na kuzunguka mashamba ya kahawa akitibu pampu zilizogoma. Wenye mashamba walimpenda kwa sababu hakuwa na pupa. Aliilaza pampu chini akaitazama kwanza, kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayemficha jambo, ndipo akashika spana. Na kila pampu aliyoifungua, aliifunga tena ikavuta maji.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Waliishi Thika nyuma ya duka la nafaka la kaka yake mkubwa, Himatlal: kaka na mkewe na watoto wao, Ramniklal na mkewe Surekha, na mama yao mzee, ambaye kila mtu alimwita Ba, hata wateja wa duka. Baba yao alikuwa amerudi Jamnagar, India, kupumzisha magoti. Ukiingia nyumba hiyo ungeona kazi za mikono ya Ramniklal, zote nusunusu. Kulikuwa na bembea ya barazani yenye mnyororo mmoja. Kulikuwa na redio iliyosema vizuri ukiishika, na ukiiachilia inanuna. Kulikuwa na tangi la kuchemshia maji ya kuoga ambalo Surekha, baada ya kungoja miaka miwili, alilijaza udongo akapanda mnanaa. Ramniklal alikuwa na miaka arobaini na miwili, na katika vitu vyake mwenyewe hakuna hata kimoja alichowahi kukimaliza.

"Ramnik ni bingwa wa kuanza," Himatlal alizoea kusema, tena bila hasira, kama mtu anayetaja urefu wa ndugu yake.

Sasa, mwezi wa Januari 1958, sanduku la mbao refu kuliko kitanda likashushwa stesheni ya Thika. Ndani yake mlikuwa na bodi ya gari la mbio kutoka Uingereza. Bodi tu. Haikuwa ya bati wala ya chuma. Ilikuwa ya nyuzi za kioo zilizolowekwa katika gundi maalumu zikakauka zikawa ngumu, kitu ambacho Thika ilikuwa haijakiona. Ramniklal aliliona tangazo lake katika gazeti la zamani, kwenye ofisi ya shamba moja la Ruiru, akingoja aletewe ufunguo wa kibanda cha pampu. Mwenye shamba huyo alikuwa na kigari cha Ford kilichokumbatia mti. Ramniklal alimtengenezea pampu tatu, akapewa injini, magurudumu na chesi, ile fremu ya chuma ya chini.

Himatlal akaja kutazama katika stoo ya duka, lilikowekwa sanduku. Akaigonga bodi kwa kidole.

"Umeagiza beseni?"

"Ni gari, Motabhai. Gari la mbio. Viti viwili." Motabhai ndivyo alivyomwita kaka yake mkubwa.

"Sisi humu ndani ni watu kumi na mmoja."

"Mtapanda kwa zamu."

Himatlal akaigonga tena. "Na hili likigongwa?"

Hapo Ramniklal akakunja ngumi akaipiga bodi ubavuni, dum, na mkono ukarudi salama. "Hii ina nguvu kuliko chuma," akasema.

Maneno hayo aliyasema tena kwa Surekha, kwa Ba, kwa mwuza maziwa na kwa karani wa stesheni, na kila mara ngumi ilifuata. Kufikia Pasaka watu wote wa mtaa ule walijua kwamba kwa Ramniklal kuna kitu chenye nguvu kuliko chuma.

Kazi aliifanya jioni na Jumapili. Jumapili alikuja Musau, Mkamba aliyekuwa fundi wa kuchomelea katika karakana ya shamba la katani nje ya mji. Walijuana kwa sababu ya pampu, kama Ramniklal alivyojuana na watu wengi. Musau alikuja na baiskeli yake, na nyuma amefunga kicha cha katani, zile nyuzi chakavu zinazobaki kiwandani, maana karakanani kwao walipangusia mikono yenye oili.

"Bwana Ramniki," Musau akauliza siku ya kwanza, baada ya kuizunguka bodi mara mbili, "mlango iko wapi?"

"Hakuna mlango. Gari ya mbio naruka tu, unaingia."

"Na mama mzee naye ataruka?"

"Mama mzee hapana panda hii."

"Haya. Mimi nimeuliza tu."

Waliikata chesi, wakaiunga, wakagundua wameikata fupi, wakaiunga upya. Ramniklal alianza nyaya za taa kabla ya kumaliza breki, akaanza rangi kabla ya kumaliza nyaya. Musau ndiye aliyekuwa akimrudisha. "Kwanza hii," alikuwa akisema, na kidole chake kilielekeza bolti moja, si gari zima. Surekha alikubali kushona viti, lakini alishona kimoja akaweka sindano chini. "Cha pili nitakishona siku nikiona usukani unageuza magurudumu," alisema.

Mwezi wa Septemba mavuno yakakaribia na Himatlal akawa anahitaji stoo. Hakupiga kelele. Alimkuta mdogo wake amelala chini ya gari, akachuchumaa, akaongea na miguu yake.

"Ramnik, tusikilizane. Siku ya Diwali, kabla jua halijazama, gari hili liende Ruiru na lirudi. Ile njia unayokwenda na basi kila siku. Liende kwa nguvu zake lenyewe. Lisisukumwe, lisivutwe. Likiweza, stoo ni yenu wewe na gari lako. Lisipoweza, kuna mfugaji wa Makuyu anatafuta hodhi la kunyweshea ng'ombe, na mimi nimeshamwambia ninalo moja zuri."

Mguu mmoja ulikunjwa. "Na nani atajua kama nimefika Ruiru?"

"Shahidi nitamchagua mimi. Huyo atakaa kiti cha pili."

Kuanzia siku hiyo Ramniklal alifanya jambo ambalo Surekha hakuwahi kumwona akilifanya: alianza kitu kimoja na akakaa nacho mpaka mwisho. Breki zikashika. Taa zikawaka. Kiti cha pili kikashonwa. Rangi ikapakwa, nyeupe ya maziwa, makoti matatu. Siku ya kuamkia Diwali waliwasha injini, na gari likatoka stoo mpaka katikati ya ua, likasimama pale liking'aa. Ramniklal akaizima injini. Aliingia ndani akaomba chai.

Asubuhi ya Diwali watu wote walikuwa uani wamevaa nguo mpya. Musau naye alikuwepo. Alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa kusema ana harusi. "Si ni harusi?" alimwambia Ramniklal, akitazama ndimu nne za kufukuza mikosi zilizopangwa chini ya magurudumu manne na alama nyekundu ya heri kwenye boneti.

Katika nyumba ile kila mwaka Ba ndiye aliyevunja nazi ya baraka. Aliivunjia kwenye bampa ya lori la duka, bampa nene ya chuma, na kwa kuwa alikuwa na mkono wenye nguvu, nazi ilipasuka kwa pigo moja. Mwaka huu aliliendea gari jipya. Akatafuta bampa, hakuiona. Gari la mbio halikuwa na bampa. Lakini Ba alikuwa amesikia kwa miezi kumi kwamba hicho kitu kina nguvu kuliko chuma, na mama gani hamwamini mwanawe? Akainua nazi juu ya kichwa na kuishusha kwenye pua ya gari kwa nguvu zake zote.

Sauti iliyotoka haikuwa ya nazi. Ilikuwa kama ya sahani kubwa.

Nazi ilikuwa nzima. Pua ya gari ilikuwa na tundu la kupitisha kichwa cha mtoto, na ufa uliopanda mpaka karibu na taa ya kushoto.

Watu wakatazama chini. Ba aliishika nazi yake kifuani. Ramniklal alikwenda akaketi kwenye ngazi ya jikoni, mikono katikati ya magoti, na Surekha alipomtazama usoni aliona ule uso anaoufahamu, uso wa siku ya bembea na siku ya tangi, wa mtu aliyekwisha kuondoka.

Musau ndiye aliyeinama kwenye tundu.

"Bwana Ramniki. Ile gundi ya Ulaya iko?"

"Iko kidogo. Lakini kile kitambaa ya nyuzi ya kioo imekwisha."

"Nauliza gundi." Musau akaenda kwenye baiskeli yake, akafungua kicha cha katani safi, akazichambua nyuzi kwa vidole. "Si uzi tu? Hizi zetu zinafunga meli."

Ramniklal alitazama zile nyuzi kwa muda mrefu. Kisha akainuka akaleta mkebe.

Gundi ilikuwa nzito kama asali ya zamani. Waliichanganya na dawa yake ya kugandisha, wakalaza katani, wakapaka, wakalaza tena. Tatizo likawa mawingu. Ilikuwa Novemba, hewa mbichi, na gundi ile hukauka kwa joto. Surekha akaleta pasi mbili za makaa. Walizishika karibu na kiraka bila kukigusa, moja ikipoa nyingine ikijazwa makaa. Ba akavuta kigoda, akaichukua pasi moja mkononi mwa Surekha, akaketi mbele ya gari. Alikaa hivyo saa mbili na zaidi, na sari yake mpya ya rangi ya manjano, akipitisha pasi hewani mbele ya kiraka kama anayebembeleza mtoto. Hakuomba radhi, wala hakuna aliyetaka aombe.

Saa nane mchana kiraka kilikuwa kigumu, cha rangi ya kahawia, kina manyoya kama shavu la mzee asiyenyoa. Ramniklal alikigonga kwa kidole kimoja tu.

"Sasa shahidi," Himatlal akasema. "Ba."

"Nilijua," Musau akasema kwa sauti ya chini. "Na mlango hakuna."

Ilichukua kigoda, watu wanne na maneno mengi ya Kigujarati kumpitisha Ba juu ya ubavu wa gari. Alipokwisha kukaa, nazi mapajani, alitangaza kwamba jambo hilo litafanyika mara mbili tu, kuingia na kutoka.

Walifika Ruiru bila tatizo lolote. Ramniklal aligeuza gari mbele ya duka la Vallabhdas, ambaye alitoka na kuuliza kama ni mashua, na Ba akamjibu kwamba mashua ina nafasi zaidi. Ramniklal alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona njia hiyo bila kichwa cha abiria mbele yake.

Mvua iliwapata wakirudi, karibu na njia ya kwenda Kalimoni. Gari halikuwa na paa. Maji yaliingia kwa mbele yakafika kwenye nyaya, injini ikakohoa, na katikati ya mwinuko ikazima. Ramniklal alishuka, akafuta, akapuliza, akazungusha hendeli mpaka bega likauma. Jua lilikuwa limeshuka sana upande wa mashamba ya kahawa.

Vibarua wa barabara waliokuwa wamejikinga chini ya turubai wakaja kutazama. Mkubwa wao aliitwa Dismas.

"Mzee, hii ni gari ama ni ya kuoga?"

"Ni gari."

"Tusukume?"

Ramniklal akageuka. Alimtazama mama yake. Ba alitazama mbele, maji yakimtiririka usoni.

"Mama ashuke kwanza," Dismas akasema.

"Mama hashuki," akasema Ba, kwa Kiswahili, ili asieleweke vibaya.

Wakasukuma, wanane, hatua kama mia mbili, mpaka juu. Gari likaanza kuteremka lenyewe, Ramniklal akaingiza gia, injini ikashtuka ikawaka.

Waliingia uani jua likiwa bado limebakiza kidole kimoja kuzama. Taa za udongo zilikuwa zimepangwa ukutani, hazijawashwa. Himatlal alisimama mlangoni mwa duka.

"Lilifika?"

"Vallabhdas anakusalimu," Ba akasema.

"Kwa nguvu zake?"

Ba alifikiri. "Mimi nimekaa hapa tangu saa nane," akasema. "Sikushuka hata mara moja."

Ramniklal alikuwa ameshika usukani bado. "Motabhai," akaanza, "pale Kalimoni..."

Lakini Himatlal alikuwa amekwisha kulizunguka gari. Alikuwa amesimama nyuma. Pale nyuma, kwenye ile rangi nyeupe ya maziwa, palikuwa na alama za viganja vya udongo mwekundu, wazi kama mihuri, viganja vikubwa vya watu wazima, kumi na vitano au kumi na sita. Alivitazama kimoja kimoja. Ramniklal alishuka akaja kusimama kando yake, naye akaviona.

Himatlal aliokota kicha cha katani kilichobaki ukutani asubuhi, akakichovya kwenye ndoo ya maji ya mvua, akaanza kufuta. Alifuta polepole, kutoka juu kwenda chini, mpaka udongo wote ukatoka.

"Kesho lisogeze kidogo kulia," alisema bila kugeuka. "Magunia yapate kupita."

Ba aliteremshwa kwa kigoda. Akaenda na nazi yake mpaka kwenye jiwe la kizingiti, akaipiga mara moja, ikapasuka.