Pini Kwenye Kona ya Mdomo

Miaka thelathini na miwili Mama Pini alishona nguo huku pini ziko mdomoni. Sita, saba, siku za kazi nyingi hata kumi. Midomo imebana, anapumua kwa pua. Wateja hawakulijua jina lake la kuzaliwa, na yeye hakuwadai walijue.

Hakujua kuwa pini hizo zingemfuata mpaka majini.

Alianza kuogelea akiwa na miaka hamsini na minne, kwa sababu ya mgongo. Cherehani ilishamkunja, daktari akamwambia aende bwawani. Akaenda, na vazi la kuogelea alilojishonea mwenyewe, mikono hadi kwenye viwiko, miguu hadi magotini, mishono miwili miwili lisije likamwaibisha mbele za watu.

"Mama, umekuja kuogelea au kuruka na parachuti?" mwalimu wa kuogelea akamuuliza.

"Nimekuja kunyoosha mgongo. Wewe nyoosha ulimi."

Walielewana tangu siku hiyo.

Mwaka ukapita. Ndipo binti yake akaja pale kwenye cherehani. Kulikuwa na mashindano ya watu watatu watatu: mmoja aogelee, mmoja aendeshe baiskeli, mmoja akimbie. Binti alikuwa wa baiskeli, mumewe wa mbio. Mwogeleaji wao amehamishwa kikazi.

"Ni kilomita moja na nusu tu, Mama. Ziwani."

Mama Pini alikuwa anapima pindo la suruali. Akaitikia kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa na kazi. Mteja alipoondoka akatema pini, akakaa. Nimekubali nini mimi?

Tatizo lilikuwa pumzi. Akitulia, aliogelea vizuri. Akiogopa, midomo inabana yenyewe. Anageuza uso, anavuta hewa kwa pua, maji yanaingia, anakohoa, anaparamia ukuta.

"Fungua mdomo!" mwalimu alikuwa akipiga kelele. "Hamna pini humo!"

Bwawani kulikuwa na ukuta kila baada ya mita ishirini na tano. Ziwani hakuna ukuta.

Waandaaji nao wakaweka jaribio, wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Kila mwogeleaji mgeni aogelee umbali wote ndani ya dakika hamsini, boti ikimfuata. Akiishika boti, ametoka. Na timu yake imetoka. Binti alikuwa amejitesa na ile baiskeli miezi minane, kila alfajiri kabla ya kazi.

Wiki ya jaribio Mama Pini hakula vizuri. Mume wake, mlinzi wa ghala aliyestaafu, mtu wa maneno machache, alimtazama akishona shati.

"Umeweka mkono wa kulia kushoto."

"Nimeona."

"Unaogopa."

"Siogopi."

"Haya. Basi mteja ana mikono miwili ya kulia."

Hakucheka. Alifumua. Mume akauliza, "Huyo wa kwenye boti, anajua kazi?"

"Anajua."

Akauliza tena jioni.

Jumamosi ikafika. Maji yalikuwa ya kahawia, ukiingiza mkono huoni vidole. Maboya manne yalielea kwa mduara wa kurudi ufukoni, lililo mbali zaidi dogo kama kifungo. Mume alisimama ufukoni na taulo begani, saa mkononi.

"Mama, ukishindwa si neno," binti akasema. Sauti ilimtetemeka. Ingekuwa heri angenyamaza.

Boya la kwanza alilipita. La pili akalipita. Hapo upepo ukaamka, wimbi likampiga shavuni, midomo ikabana. Akavuta kwa pua. Maji. Akakohoa, akavuta tena, maji tena. Akasimama wima akipiga miguu, hana cha kukanyaga.

Boti ikasogea.

"Shika, mama. Hakuna aibu."

Mkono ukaenda wenyewe. Ilibaki shibiri moja. Akamkumbuka binti na baiskeli yake. Akataka kumwambia yule mtu asubiri, na wimbi lilikuwa limemlaza shavu la kushoto majini, basi akasema kwa kona ya kulia, kama alivyowaambia wateja miaka yote wasitikisike, pini zikiwa kona ya pili.

"Subiri kwanza."

Neno likatoka, na hewa ikaingia. Maji hayakuingia.

Alishangaa. Akarudisha uso majini, akageuka, akafungua nusu mdomo ile ile. Hewa. Tena. Hewa. Mwaka mzima aliambiwa afungue mdomo. Hakuna aliyemwambia nusu inatosha.

Boti ilikuwa bado ubavuni.

"Sogeza boti yako," akasema kwa kona. "Unaniziba."

Lakini dakika ngapi zilikuwa zimepotea pale? Hakujua. Aliogelea na swali hilo boya la tatu, la nne, mabega yakiwaka moto, mpaka vidole vikagusa tope.

"Arobaini na nane na nusu!" mtu akatangaza.

Binti alipiga ukelele, akaitupa baiskeli chini, ile asiyoruhusu mtu aiguse. Mama Pini alikuwa anamtafuta mume. Ufukoni hayupo. Alikuwa ndani ya ziwa, maji mapajani, na viatu vyake, na suruali yake, taulo likielea nyuma.

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Uliposimama pale katikati..." Hakumaliza.

"Na hujui kuogelea."

"Najua kwamba sijui."

"Taulo umelilowesha."

Mume akalikamua, akamfunika nalo hivyo hivyo. Lilikuwa baridi. Hakulitoa. Walitoka majini taratibu, viatu vya mzee vikilia kila hatua, na midomo ya mkewe ikitetemeka upande mmoja tu. Ule mwingine ulikuwa bado umebana.