Jitu Lililoongea kama Mama Mkwe

Ukifika Kiminini ukauliza Kizito ni nani, utaambiwa ni yule wa maiki. Katika banda la video la Thuo, nyuma ya maduka, yeye ndiye mfasiri wa sinema za Wazungu. Picha ikienda, anasimama kando ya skrini na kuongea kwa niaba ya kila mtu: askari, bibi harusi, mbwa, hata gari likikataa kuwaka. Ulimi hauna mfupa, na wa Kizito ulizidi. Watu walitoka hata Kitale kuja kumsikiliza, naye alijua, na kujua huko ndiko kulikomharibu.

Jumamosi moja Thuo alileta sinema ambayo jalada lake lilitisha kweli. Jitu la sayari nyingine, macho mekundu, mji mzima unaungua nyuma yake. Saa nane mchana banda lilikuwa limejaa. Kumbe ndani hamna kitu. Chombo cha angani kilikuwa sufuria mbili zilizofunikana, na uzi uliozining'iniza ulionekana wazi. Jitu lenyewe lilikuwa mtu aliyevaa mpira, zipu mgongoni, na miguuni gambuti kama hizi zetu za kuingia nazo zizini. Lilipotokeza kichwa, mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha hakugeuka hata kutazama.

"Hii ni sinema ama ni kesi ya shamba?" akauliza mzee Absalom kutoka benchi la nyuma. Watu wakaanza kuinuka.

Kizito akaingiwa na baridi. Watu walikuwa hawajawahi kutoka yeye akiwa kwenye maiki. Jitu lilikuwa limemnyooshea msichana mkono, mdomo wazi, na Kizito hana la kulisemesha. Akafungua mdomo wake, na iliyotoka ilikuwa sauti ya mama mkwe wake.

"Njoo, mtoto wangu. Njoo nikuone. Mbona umekonda hivyo?"

Banda lilipasuka kwa kicheko. Waliosimama wakakaa. Jitu likala mtu, likakohoa kile kikohozi kidogo cha mama mkwe huyo wa Kamukuywa, likauliza, "Na huko kwenu mvua imenyesha?" Mzee Absalom alilia machozi, bana. Mpaka mwisho wa sinema Kizito hakuiacha sauti ile, na jioni alitembea kwenda nyumbani kifua mbele.

Sasa elewa kitu kimoja. Kizito ni Mbukusu, na kwao mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kufichana. Hampi mkono, haketi naye chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Tangu amwoe Nabwile, Kizito alikuwa hajamtazama mkwewe Mama Sellah usoni. Akienda kwao Nabwile, Kamukuywa, aliwekewa kiti nje, mgongo wake ukielekea ukuta wa jikoni, na mama huyo akamsalimu kutoka ndani. "Mkwe, umefika? Kula ushibe." Ile sauti nzito, yenye mikwaruzo ya kuita wateja wa ndizi sokoni miaka na miaka, ndiyo aliyoijua. Hakuwa na kingine chochote cha mama huyo.

Mtu alikuwa amerekodi kwa simu. Wiki haikuisha kabla rekodi haijafika Kamukuywa, na soko zima likaitambua sauti mara moja. Nabwile aliisikia kwa kinyozi, akarudi nyumbani akaketi kitandani.

"Ni mama yangu huyo," alisema. "Ulimtoa mama yangu ukampa mnyama wa mpira."

"Si nilikuwa natafuta tu kitu ya kuchekesha..."

"Hayo maneno ni yangu, Kizito. Hivyo ndivyo ananiambia mimi nikifika."

Aibu ilimshika Kizito mpaka chakula kikamkataa. Jumapili, baada ya ibada, walienda Kamukuywa pamoja na binti yao Joan, ambaye hajaanza shule. Njia nzima Kizito hakuomba Mungu kitu kingine: amsikie tu mama huyo akimwita mkwe, hata kama ni kwa kumtukana.

Kiti kilikuwa pale pale. Aliketi, mgongo kwa ukuta, akangoja salamu. Haikuja. Alisikia moshi ukimkohoza mtu ndani, kisha kikohozi kikazimwa haraka, kama mtu ameweka leso mdomoni.

"Mama," alianza, akiongea na shamba la mahindi mbele yake, maana ndiko macho yake yalikoruhusiwa. "Nimekosa. Nilikuvua heshima mbele ya watu. Sina cha kujitetea. Nilitaka wasitoke." Alisema mengi, na mengine aliyarudia, mpaka maneno yakamwishia, yeye ambaye hayajawahi kumwishia.

Nabwile alitoka na chai, akaiweka chini.

"Amesema nini?"

"Hajasema. Amesikia." Akamsogezea kikombe. "Ati sokoni wanamwambia aite kama jitu ndio wanunue. Ameacha kuita. Hata kanisani leo hakuanzisha wimbo."

Kizito aliinamisha kichwa. Aliionea haya hata ile chai.

Kisha akasikia mkebe ukigongwa ndani, ko ko ko, na kuku wakakimbia kutoka pande zote kwenda mlango wa jikoni. Zamani Mama Sellah aliwaita kwa mdomo, na hata jirani wa ng'ambo ya mto alijua kuku wa nani wanakula.

Joan naye alikuwa huko ndani, mikononi mwa bibi yake, anayemwita Kukhu.

"Kukhu," mtoto akasema, "usigonge. Waite na ile sauti ya baba."

Baada ya muda, mkebe ukagongwa tena.